Hesabu ya Mwezi

Mwezi wangu haukujua kalenda.
Ulikuja baada ya siku ishirini na tatu,
ukaja baada ya arobaini na mbili,
mwaka ule wa mitihani ukapotea siku sabini
ukarudi bila kuomba radhi,
kama mgeni aliyefuata mwavuli wake.
Hivyo Mei ilipopita kavu sikushtuka.
Nilichora kiulizo kwenye kalenda ya benki,
nikaenda kufungua bwawa la maji moto,
nikagawa taulo.

Tarehe tisa Juni, Styrmir.
Tulikuwa tumekwisha kuachana tangu Pasaka;
alikuja kuchukua minyororo ya magurudumu,
na hapa Húsavík Juni haina usiku
wa kumwambia mtu, haya, kumekuchwa, nenda.
Tarehe kumi na saba, bendera mitaani, Ketill,
fundi wa vinanda kutoka Akureyri,
aliyekuja kutibu kinanda cha kanisa
na vidole vyake vinanukia nta.
Sijutii hata mmoja. Nahesabu tu.

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu.
Naam. Ila vitanda vilikuwa viwili,
na kimoja, nikisema kweli, kilikuwa kochi.

Agosti, mkunga Ásgerður
(kwa lugha yetu mkunga ni mama wa nuru)
alinipaka mafuta baridi tumboni,
akapima toka utosi hadi makalio:
milimita hamsini na tisa za mtu.
"Wiki kumi na mbili na siku tatu," akasema,
"basi mimba ilitunga kama tarehe kumi na tatu Juni."
Kumi na tatu!
Siku hiyo nililala peke yangu na mafua.
"Siku tano mbele, siku tano nyuma," akaongeza
akinifuta, "mashine haijui majina."
Nikatoa, nikajumlisha: nne huku, nne kule.
Mizani imesimama sawa,
na ulimi wa mizani ni mimi.

Na huku kwetu hatuna majina ya ukoo.
Mtoto huvikwa jina la baba yake, kama koti:
Styrmisson, Ketilsson,
Styrmisdóttir, Ketilsdóttir.
Mama amefuma kofia, anataka kuitia herufi.
"Herufi gani?" aniuliza, sindano mdomoni.
Nikamwambia atie ua.

Styrmir nilimwambia ndani ya gari lake.
Alihesabu kwa vidole, akarudia, akaishiwa vidole,
kisha akawasha joto la upande wa miguu yangu.
Ketill nilimpigia simu. Kimya.
Halafu nikasikia akigonga noti moja, ileile,
akiikaza, akiilegeza, akiikaza,
mpaka nikakata.

Mkunga ametaja damu: kichupa kimoja kutoka mkononi mwangu,
mate ya mwanamume, wiki mbili, barua.
Kuna usiku naitaka barua hiyo kuliko usingizi.
Kuna asubuhi naona haya
kumfungua mwanangu kama bahasha
kabla hajafika.
Fomu ina nafasi ya jina la baba.
Nimeandika langu, Sólrún, kwa penseli.
Sheria inaruhusu. Penseli nayo
inaruhusu kufutwa.

Sasa ni Desemba. Jua huchungulia, likajuta.
Mtoto anapiga teke
kushoto, kisha kulia, hana upendeleo.
Na huyo mwezi mpevu, amekaa juu ya ghuba
tangu mchana, hazami, haoni aibu,
anang'aa mpaka kwenye vyombo nisivyoviosha.
Ndiyo kwanza unakuja?
Mei yote ulikuwa wapi?